Viazi ulaya havifuati kalenda ya Ulaya: lini upande Manyovu na Munanila

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Ninalima Munanila, wilaya ya Buhigwe, mkoani Kigoma. Dada yangu anaishi Uingereza na ana bustani nyuma ya nyumba. Kila mwaka hupanda viazi mviringo mwanzo wa majira ya machipuko, katikati ya Machi, baada ya kuviotesha ndani dirishani. Mwaka huu nikafuata tarehe yake, nikapanda nusu ekari tarehe 17 Machi. Majani yalipendeza mpaka Mei, kisha yakakauka. Nilipochimba nilikuta viazi vya ukubwa wa ndimu, na vingi vilikuwa kama gololi. Je, niliwahi au nilichelewa? Mwaka ujao nipande lini? Tena shemeji yangu aliyeko Urambo, mkoani Tabora, naye anataka kujaribu. Tarehe zake ni hizo hizo?"

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichelewa, na ulichelewa kwa mwezi mzima. Pole kwa nusu ekari hiyo, maana najua palizi moja na kuinulia matuta huko kwenye miteremko ya Munanila ni kazi ya kuvunja mgongo.

Dada yako hakukudanganya. Tarehe yake ni sahihi kabisa kule aliko, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu ukielewa anachosubiri yeye utaelewa unachopaswa kusubiri wewe. Kwao adui ni baridi. Wakati wa majira ya baridi udongo unakuwa kama jokofu. Chini ya nyuzi joto 7 hivi chipukizi la kiazi haliendi popote, na mbegu ikikaa kwenye udongo wa baridi uliolowa huishia kuoza. Ndiyo maana wakulima wa kule huchomeka kipimajoto ardhini, kina cha kama sentimita 10, na kungoja kisome nyuzi 7 mpaka 10 kwa siku kadhaa mfululizo. Halafu wanahesabu wiki zilizobaki kabla ya jalidi ya mwisho, ule ubaridi wa usiku unaogandisha umande na kuunguza majani mabichi. Wanapanda wiki mbili tatu kabla yake, ili majani yatokeze juu ya ardhi jalidi ikiwa imekwisha. Ireland wengi walizoea kupanda siku ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ambayo ni hiyo hiyo 17 Machi uliyotumia. Mbele ya dada yako kuna miezi ya joto na mchana mrefu, na mvua inayonyesha mwaka mzima. Anapanda mlangoni mwa majira mazuri.

Wewe tarehe 17 Machi ulikuwa unapanda kwenye mlango wa kutokea.

Tuhesabu pamoja. Viazi vingi vinavyolimwa kwetu huchukua siku 90 mpaka 120 shambani; tuchukue 100. Wiki mbili tatu za kwanza mmea unatafuta kutokeza juu. Kuanzia wiki ya tano au ya sita, ncha za vishina vilivyo chini ya ardhi huanza kuvimba, unakuta vitu vidogo kama punje za njegere. Kutoka siku ya 50 mpaka ya 90 ndipo vile vya njegere vinakuwa viazi. Hizo siku 40 ndizo zinazolipa shamba lote, na ndizo zinazokunywa maji kuliko nyingine zote. Sasa shika kalenda: ukipanda 17 Machi, siku ya 50 ni tarehe 6 Mei. Mvua za Buhigwe hukatika kwenye nusu ya kwanza ya Mei, mwaka mzuri zikajikongoja mpaka katikati ya mwezi. Siku ya 100 ilikuwa 25 Juni, na hapo vumbi limeshatanda barabarani. Mmea wako ulijenga majani kwa maji ya Machi na Aprili, na ulipofika wakati wa kujaza viazi, maji yakaisha. Zile gololi ulizochimba ni viazi vilivyosimama siku ya 60.

Kwa hiyo swali lako nitaligeuza kidogo. Badala ya kuuliza "nipande lini", uliza "ninataka siku zangu za kujaza viazi ziangukie wapi", kisha uhesabu kurudi nyuma.

Kabla ya kuhesabu, neno moja kuhusu joto, kwa sababu shemeji yako wa Urambo atalihitaji. Sisi tunaviita viazi ulaya, ila Ulaya vilipita tu njiani. Kwao ni milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, karibu na Ikweta kama sisi, lakini juu sana milimani ambako usiku ni wa baridi. Kiazi hufunga vizuri udongo ukiwa nyuzi 15 mpaka 20. Joto likizidi hapo mavuno yanashuka, na likikaribia nyuzi 30 mmea unaacha kabisa kuweka viazi: unarefuka, unatanda majani, ukiung'oa chini hakuna kitu. Na usiku ndio wenye neno la mwisho. Mchana wa jua si tatizo kubwa iwapo usiku unashuka vizuri.

Huko kwenu usiku unashuka. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Kigoma mjini wastani wa joto ni kama nyuzi 24. Kila unapopanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Mashamba mengi ya Manyovu na Munanila yako juu ya mita 1,500, kwa hiyo unapata wastani wa nyuzi 19 hivi. Ukipanda gari asubuhi kutoka Kigoma kwenda Manyovu unaona abiria wanavyoanza kuvaa masweta njiani. Kiazi nacho kinayapenda hayo mabadiliko. Hilo ni jambo ambalo dada yako angelilipia fedha. Hapo Munanila joto linakufaa karibu mwaka mzima, na kinachokuamulia tarehe ni mvua.

Na mvua za mkoa wetu zina tabia moja ambayo kalenda za mbali haziijui. Zinaanza mwishoni mwa Septemba au Oktoba, zinachanganya Novemba na Desemba, halafu Januari au mwanzoni mwa Februari zinapumzika wiki mbili, pengine tatu. Zinarudi tena na kunyesha mpaka Mei. Lile pumziko la katikati, ambalo wakulima wa mahindi hulilalamikia, kwa mkulima wa viazi ni zawadi. Kiazi kinataka maji kikiwa kinajaa na udongo mkavu kikiwa kinachimbwa. Ukichimba kwenye tope, ngozi inachubuka na uozo unaingia, na gunia linafika Kigoma mjini likivuja.

Panda katikati ya Oktoba, uhesabu siku 100, unafika 23 Januari: mavuno yako yanaangukia kwenye pumziko. Panda katikati ya Februari, mvua zinaporudi, siku ya 100 ni 26 Mei: viazi vimejaa kwa maji ya Machi na Aprili, mvua zimekatika wiki moja au mbili zilizopita, ngozi inakomaa ardhini ukiwa unanoa jembe. Hayo ndiyo madirisha yako mawili. La kwanza ni kati ya tarehe 10 Oktoba na mwanzo wa Novemba, la pili ni kati ya tarehe 5 na 25 Februari. Majirani zetu wa Burundi, ambao ukiwa Manyovu unaweza kuona vilima vyao, wana majina kabisa ya misimu hiyo, A na B, na wa tatu wanauita C, ule wa mabondeni wakati wa kiangazi. Nitaurudia huo wa tatu, kwa sababu ndio uliofichika ndani ya swali lako.

Ukiniambia nichague dirisha moja kwa ajili ya nusu ekari yako, nachagua Februari. La Oktoba lina bei nzuri kwa kuwa sokoni viazi vimepungua, lakini majani yako yatakuwa yamefunga shamba mwishoni mwa Novemba na Desemba, wakati mvua ni za kila siku na ukungu wa asubuhi unakaa mabondeni mpaka saa nne. Hapo ndipo baka jani chelewa, ambalo wakulima wengi wanaliita ukungu, linaposhamiri. Ugonjwa huu unataka majani yaliyolowa kwa saa nyingi na ubaridi wa wastani, yaani hali ya hewa ile ile inayokufurahisha wewe. Ndio ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na kuua watu wapatao milioni moja kwa njaa na maradhi. Shamba linaweza kuwa kijani Jumatatu na jeusi Jumatatu inayofuata. Ukipanda Oktoba, basi tenga fedha za dawa ya kukinga, kama zile zenye mankozebu, tangu siku ya kununua mbegu, uanze kupuliza mimea ikiwa na urefu wa kiganja, kila baada ya siku 7 mpaka 10 kwa kipimo cha lebo. Ukisubiri kuona madoa ndipo ukatafute dawa, umeshachelewa. Machi na Aprili nako ugonjwa upo, usijidanganye, ila msimu unaelekea ukavuni badala ya kuzama kwenye maji, na hiyo ni tofauti kubwa.

Sasa tarehe ni uzio tu, ndani ya uzio kuna siku yenyewe. Nayo siku hiyo hutaipata kwenye karatasi.

Kwenye dirisha la Oktoba hatari kubwa ni kuamini mvua ya kwanza. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa kijana mwenye haraka, nilipita vijijini na kalenda iliyoandikwa kwa ajili ya nyanda nyingine za nchi. Ikanyesha mvua kubwa mwishoni mwa Septemba, nikawaambia watu wapande. Likafuata jua la karibu wiki tatu. Mzee mmoja alinipeleka shambani kwake, akafukua kwa mkono, akaniwekea kiazi mbegu kiganjani: kilikuwa laini kama uji, kimepikwa na udongo wa moto. Hakunigombeza. Sijasahau uzito wa kile kiazi, na tangu siku ile sijamwambia mtu apande bila kuuliza kwanza udongo wake umelowa mpaka wapi.

Fanya hivi. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, lile la maziwa ya unga linafaa, liweke mahali pa wazi mbali na mti na paa. Baada ya mvua chomeka rula. Ukikusanya sentimita 2, yaani milimita 20, ndani ya siku moja au mbili, hiyo inaanza kustahili kuitwa mvua ya kupandia. Kisha chukua jembe uende shambani, uchimbe shimo la kina cha kutoka ncha ya vidole mpaka karibu na kiwiko. Tazama ukuta wa shimo. Udongo mbichi ni mweusi, mkavu umepauka, na mpaka kati yao unauona wazi kabisa. Weusi ukiwa umeishia sentimita 10, rudi nyumbani. Ukiwa umeshuka mpaka 25 au 30, mmea wako utavumilia hata jua la siku 10.

Februari tatizo linageuka: hofu ni udongo uliolowa kupita kiasi. Hapa kuna kipimo ambacho dada yako na wewe mnaweza kukitumia sawasawa, kwa kuwa udongo ni udongo popote. Chota konzi moja kutoka kina cha jembe, ukaze kiganja, ufungue. Ukitiririsha maji au ukabaki donge linalong'aa lenye alama za vidole, subiri, maana mbegu yako itakosa hewa na kuoza. Ukisambaratika wenyewe kama majivu, ni mkavu. Unaoutaka ni ule unaoshikamana, kisha ukiuangusha kutoka usawa wa kiuno unapasuka vipande vipande. Nimeona wakulima wakilifanya jambo hili kwa sekunde mbili huku wakiongea habari nyingine kabisa.

Sikiliza pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Wa vuli hutoka kuelekea mwisho wa Agosti, na wa msimu, yaani wa maeneo yenye mvua za mkupuo mmoja, mwishoni mwa Oktoba. Wilaya za kaskazini mwa mkoa wetu zimekuwa zikitajwa kwenye vuli na za kusini kwenye msimu, kwa hiyo usikilize yote miwili, uende na ule unaotaja upande wako. Utabiri utakuambia msimu unaelekea wapi, na kopo lako litakuambia siku.

Tumefika kwenye mbegu. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu watu wengi hupata tarehe wakakosa mbegu ya tarehe hiyo.

Kiazi kikichimbwa kinalala. Unaweza kukipanda kwenye udongo mzuri kuliko wote na kisiamke. Usingizi huo huchukua miezi miwili mpaka mitatu kwa aina nyingi. Shangi, ile iliyoenea kutoka Kenya, huamka mapema zaidi, na ndiyo sababu moja ya kupendwa kwake. Kikiamka kinatoa chipukizi moja kileleni, na hilo moja huwazuia wenzake. Kikiendelea kukaa, machipukizi mengi hutoka pande zote, na huo ndio ujana wake, wakati wa kukipanda. Kikikaa zaidi kinazeeka: kimenyauka, kina vijiti vyembamba kama nywele, na ukikipanda unapata mmea dhaifu usio na nguvu ya kuzaa.

Ona sasa mtego ulipo. Unataka kupanda katikati ya Februari. Mbegu ya mavuno ya Januari haina hata mwezi, imelala fofofo. Mbegu ya mavuno ya Juni ina miezi minane, ni bibi kizee. Nadhani ndiyo sababu wengi hupanda Machi: wanasubiri viazi vya Januari viamke. Wewe ulifuata tarehe ya dada yako, lakini majirani zako kadhaa bila shaka walipanda siku zile zile kwa sababu hii nyingine, na wakavuna ndimu kama wewe.

Njia ya kutoka ni ule msimu wa tatu. Tafuta kipande kidogo bondeni, hata hatua 20 kwa 20, mahali ambapo unyevu haupotei au unaweza kumwagilia kwa ndoo. Panda mwanzoni mwa Juni, uvune katikati ya Septemba. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, ukungu wa majani hauna nguvu, na viazi hivyo vikifika Februari vina miezi mitano: vimelala vya kutosha, vimeamka, viko kwenye ujana wao. Mbegu ya Oktoba ndiyo rahisi, maana mavuno ya mwisho wa Mei au Juni yanakuwa na miezi minne mitano, yanajiamsha yenyewe kiangazini.

Kuamsha kwenyewe ni kazi ya mwanga. Dada yako anaweka viazi vyake kwenye trei za mayai dirishani, nawe fanya hivyo hivyo kwa kiwango chako. Tengeneza chanja chini ya paa la nyasi, mahali penye hewa na mwanga ila jua lisipige moja kwa moja. Tandaza mbegu tabaka moja au mawili, si zaidi. Ziache zigeuke kijani. Mbegu ya kijani ni nzuri, ila usiile, ina sumu. Ukiona chipukizi moja tu la kileleni limetoka, lidonoe kwa ukucha, na baada ya wiki mbili tatu mengine manne au matano yatajitokeza. Siku ya kupanda unataka machipukizi mafupi, manene, ya kijani au zambarau, ya sentimita moja mpaka mbili. Liguse kwa kidole: lililokuzwa kwenye mwanga linakaza kama ncha ya penseli, halikatiki ovyo. Lililokuzwa gizani kwenye gunia ni jeupe, refu, laini kama tambi, na nusu yake utaivunja kabla hujafika shambani. Majira ya machipuko ya dada yako yanatazamwa dirishani. Yako yanatazamwa hapo kwenye chanja.

Na iwapo tarehe inakaribia na mbegu bado imelala, ipeleke kwenye joto. Familia yenye ndugu Kigoma mjini inaweza kuhifadhi magunia kule kwa wiki kadhaa, kwenye chumba cha giza, kisha kuirudisha chanjani. Joto la ziwani linafupisha usingizi. Ila kagua nondo wa viazi, maana joto linampendeza na yeye.

Kwa nusu ekari, matuta yakiachana sentimita 75 na mbegu 30, unahitaji mbegu karibu 9,000, kama kilo 450 zikiwa na ukubwa wa yai la kuku. Ni nyingi, najua. Ndiyo maana kishawishi cha kukata kiazi vipande viwili ni kikubwa. Usikate. Kisu kinachopita kwenye kiazi kimoja chenye mnyauko bakteria kinausambaza kwa vyote vinavyofuata. Kule kwa dada yako wanakata bila shida kubwa kwa sababu mbegu yao imethibitishwa na udongo wao ni wa baridi. Kwetu ugonjwa huu uko nyumbani.

Hapa nageukia zile gololi zako. Najua zimejaa kwenye kiroba na unafikiria kuzifanya mbegu. Udogo peke yake si dhambi, iwapo umetokana na ukosefu wa maji. Tatizo ni kwamba mmea wenye mnyauko nao huzaa vidogo, na ukichagua vidogo kila mwaka unajikuta umechagua ugonjwa. Kwa hiyo nikuulize: yale majani yalikauka vipi? Kama shamba lote lilianza kuwa manjano polepole kutoka majani ya chini, ni ukame. Kama mmea mmoja mmoja ulinyauka ghafla mchana ukiwa bado kijani, huku jirani yake umesimama, hiyo ni mnyauko. Chukua viazi kumi, uvikate katikati, uvibane. Ukiona utomvu mweupe mzito unatoka kwenye pete iliyo ndani ya ngozi, au macho ya kiazi yana udongo ulionata usiotoka, kiroba chote ni cha kuchemshia, wala maganda yasirudi shambani. Msimu ujao ukiona mmea umenyauka, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi, ukae dakika chache: nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, umepata jibu.

Unayependa Ndinamagara inayovuka kutoka Burundi, aina ambayo wataalamu wanaiita Cruza 148, uwe makini zaidi. Inavumilia mnyauko, na kwa mavuno hilo ni jema, lakini kuvumilia maana yake inaweza kubeba ugonjwa bila kuonyesha, kisha ukaupata umehamia kwenye aina nyingine. Kwa nusu ekari ya mwanzo jitahidi upate mbegu iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, hata kama ni ya robo tu ya shamba, uizalishe mwenyewe bondeni.

Sasa shemeji wa Urambo. Tarehe za Munanila hazimfai hata kidogo. Urambo na Tabora ziko kama mita 1,100 mpaka 1,200, na mvua zake ni za mkupuo mmoja, Novemba mpaka Aprili. Wakati wa mvua usiku wa kule haushuki vya kutosha, na joto lenye unyevunyevu ndilo linaloupa mnyauko nguvu. Nafasi yake pekee ni kipupwe: apande mwanzoni mwa Mei kando ya bwawa au mbugani penye maji ya kumwagilia, ili siku ya 50 mpaka ya 90 ziwe Juni na Julai, miezi yenye usiku wa baridi kuliko yote. Asikawie, maana kuanzia Agosti joto linapanda kwa kasi. Aanze na matuta machache ya kula nyumbani.

Na umweleze kwa msisitizo: asipande kwenye shamba lililotoka tumbaku. Kule kila mtu ana shamba la tumbaku, na tumbaku ni ukoo mmoja na kiazi, pamoja na nyanya, bilinganya na pilipili. Mnyauko wanagawana. Achague mahali palipokaa mahindi kwa misimu mitatu angalau. Nimetaja Urambo nikakumbuka kwamba yenyewe ilikuwa moja ya sehemu tatu za ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Matrekta yalikuwepo, fedha zilikuwepo. Udongo na mvua havikupimwa vya kutosha kabla ya kuanza. Bwawa la shemeji yako lipimwe kwanza: maji yatafika mwisho wa Julai?

Kwako wewe, sasa ni Agosti na bado una muda. Wiki hii kata vile viazi kumi uvibane. Vikiwa safi, chagua vyote vinavyozidi ukubwa wa yai la kwale, uviweke chanjani leo, na tarehe 10 Oktoba uvitazame tena. Usivipande nusu ekari nzima; panda robo ekari Oktoba ukiwa na dawa mkononi, na robo ya pili uiache iwe na maharage mpaka Februari. Ongea sasa hivi na mwenye kipande bondeni, kabla wengine hawajakikodi, kwa ajili ya Juni. Kwa Februari hii inayokuja bondeni umeshachelewa, kwa hiyo tafuta mkulima aliyepanda bondeni mwezi Juni, ukamwekee oda kabla hajachimba Septemba, na uende shambani kwake mwenyewe ukatazame mimea ikiwa imesimama.

Kopo lako likishika milimita 20 za kwanza, chimba lile shimo, upime weusi umeshuka sentimita ngapi, uniandikie pamoja na urefu wa machipukizi yako siku hiyo. Nitakujibu siku hiyo hiyo.